Kilimanjaro bila tembo: jibu kwa kijana wa Kibosho aliyeuliza kuhusu Sam Ntiro

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana ni refu na lina hasira kidogo ndani yake, ngoja nilifupishe ili na wengine wanaosoma wajue tunaongelea nini. Unasema kwenu ni Kibosho, unachora mandhari ya Kilimanjaro na unauza Moshi mjini kwa watalii wanaoshuka mlimani. Unachora mlima una theluji, mgunga mmoja, tembo au twiga, jua linazama. Zinauzwa, ila picha zako na za vijana wenzako mtu akizichanganya hata wewe mwenyewe huwezi kuchomoa ya kwako. Mzee mmoja akakwambia kama unataka kujua mazingira ya Uchagani yanachorwaje kamwangalie Sam Ntiro, yule mchoraji wa zamani. Ukaingia mtandaoni, ukaangalia, ukachoka: mbona kama kachora mtoto wa darasa la nne, hakuna perspektivu (ile mbinu ya kuonyesha umbali kwenye picha), watu hawana sura, kila kitu kijani. Sasa unauliza kwa nini huyu anaitwa mkubwa, na wewe utajifunza nini kwake bila kurudi kuchora kitoto.

Kwanza nikutoe wasiwasi, hujakosea kuona ulichokiona. Perspektivu ya vitabuni kweli hamna. Ila ukisema hakuijua hapo ndo unateleza. Ntiro kazaliwa Machame 1923, jirani zenu kabisa. Kasoma Makerere miaka ya 1940 kwa Margaret Trowell, yule mama Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale mwaka 1937, afu mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda London kusoma Slade. Na Slade ni chuo ambacho kuchora mwili wa binadamu na kupima kwa macho ndo ugali wao wa kila siku, mtu hapiti pale akatoka hajui upeo wa macho unakaa wapi kwenye karatasi. Akapita, akarudi, akaendelea kuchora vile vile alivyokuwa anachora. Yaani ile kitu alipewa, akaishika, akaiweka kabatini kwa makusudi. Na hakuwa mtu wa kujificha kijijini kwamba labda hajui dunia inaendaje, Tanganyika ilivyopata uhuru 1961 alipelekwa London kuwa mwakilishi wetu kwa cheo cha balozi mpaka 1964, baadaye kashughulika na mambo ya utamaduni serikalini, kafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kafariki 1993. Mkewe Sarah, aliyetoka Uganda, anatajwa kama mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata digrii, Oxford 1954. Hiyo haihusiani na swali lako lakini nashindwa kuipita kimya.

Haya, turudi kwenye mlima.

Hebu nikuulize na unijibu kwa ukweli, ile picha unayochora, mlima mzima kuanzia kiunoni mpaka juu, mgunga, tembo, nyasi za njano, ulisimama wapi ukaiona? Hujasimama popote. Umeiona kwenye kalenda. Ile ni Amboseli, ni upande wa Kenya, kaskazini, tambarare na kukavu, ndo maana mlima unaonekana wote na tembo wanapita mbele yake kama wamepangwa. Ni picha ya kweli, sikatai, ila ni ya mtu aliyekaa mbali, mara nyingi ndani ya gari, na lenzi ndefu. Wewe umezaliwa upande wa pili, kusini, kwenye mlima wenyewe. Kibosho ukitoka nje asubuhi unaona mgomba. Nyuma ya mgomba kuna mgomba mwingine, nyuma yake kuna kahawa, kuna mgrivea, kuna bati la jirani, kuna korongo ambalo unasikia maji yake lakini huyaoni. Kibo, kile kilele chenyewe, unaiona saa kumi na mbili na nusu kama una bahati, ikifika saa nne mawingu yameshashuka, biashara imefungwa, labda jioni itajitokeza tena kidogo. Na ile miezi ya baridi, Juni Julai, unaweza ukamaliza wiki hujauona na wala hakuna anayeuulizia, watu wana kazi zao.

Mlima wa Ntiro ni huo. Alichora kihamba, yaani lile shamba la nyumbani la Wachaga, njia, watu wanakwenda mahali na mizigo, na kijani kimejaa mpaka kwenye kingo za picha hakuna pa kupumulia. Ukitafuta Kilimanjaro ya kalenda kwake utakasirika tu, kama mtu aliyeingia kwenye mgahawa wa mtori akaagiza pizza.

Sasa hiyo perspektivu iliyokuudhi. Hapa nataka twende taratibu maana ndo moyo wa swali lako. Perspektivu tunayofundishwa shuleni, ile ya reli mbili zinakutana mbali, imetengenezwa kwa ajili ya ardhi tambarare. Kuna mstari wa upeo wa macho katikati, chini ardhi, juu mbingu, vitu vinakuwa vidogo kadiri vinavyoenda mbali. Nenda sasa kasimame nyuma ya nyumba yenu, geuka uangalie juu mlimani. Shamba la jirani liko wapi? Liko juu ya kichwa chako. La jirani wa pili liko juu ya hilo. Ardhi haiendi mbali, inapanda, imesimama mbele yako kama ukuta uliopandwa migomba, na mtu anayelima kule juu miguu yake iko juu ya paa la nyumba ya huyu wa chini. Mbingu ni kipande kidogo kimebanwa juu kabisa, au hakipo. Ukigeuka kuangalia chini ni kinyume chake, unaona vichwa vya migomba kama unaangalia kapu la mboga kutoka juu, na tambarare ya huko Boma Ng'ombe imepotea kwenye vumbi.

Ndo maana kwenye picha zake ardhi inainuka mpaka inakaribia kujaza picha nzima na watu wamepangwa mmoja juu ya mwingine badala ya mmoja nyuma ya mwingine. Wewe umeita kosa. Mi naita mteremko. Mtu wa tambarare akichora Machame kwa kanuni za tambarare ndo anakosea, na nimeona picha nyingi za namna hiyo, zimechorwa vizuri kweli kweli, kivuli safi, hesabu safi, lakini ukitazama unahisi uko Shinyanga wamepanda ndizi.

Sisemi Ntiro alikaa chini akaandika nadharia hiyo, hayo ni maoni yangu baada ya kukaa na picha zake muda mrefu na baada ya kuharibu kanvasi zangu nyingi nikijaribu kuchora mteremko kwa rula. Trowell naye anahusika, alikuwa hapendi wanafunzi wake waige Ulaya, alikuwa anawahadithia tukio kwa maneno afu wao wachore walichokiona kichwani. Kuna watu wamemlaumu kwa hilo, kwamba aliwanyima vijana mbinu, na lawama ina uzito wake. Ila kwa Ntiro hiyo lawama haishiki vizuri kwa sababu mbinu alikuja kuipata London na bado akaiacha.

Angalia kitu kingine. Picha yake inayojulikana zaidi huko nje iko Museum of Modern Art ya New York, ya mwaka 1956, inaitwa Men Taking Banana Beer to Bride by Night, yaani wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Lisome hilo jina polepole. Hakuna jina la mahali. Hakuna Kilimanjaro, hakuna machweo. Kuna safari. Kuna watu wametumwa, kuna mzigo, kuna anayesubiri. Mandhari ipo, lakini ipo kwa sababu kuna watu wanaipita gizani wakiwa na mbege na mbege isimwagike. Wewe ni wa huko, sihitaji kukueleza mbege ya kupeleka ukweni inabebwaje, unajua wazi kwamba mtu aliyebeba haangalii mlima, anaangalia mguu wake unakanyaga wapi.

Hilo ndo ningetaka ulichukue kwake kabla ya kitu kingine chochote. Kwake mazingira ni mahali pa kazi. Njia ipo kwa sababu watu wanapita, mgomba umekaa pale kwa sababu kuna mtu kaupanda na kuna ng'ombe wa ndani anayetoa samadi, na huyo ng'ombe anakula majani ambayo mama kayakata huko chini porini akapandisha kichwani kilomita sijui ngapi. Watu wake hawana sura ni kweli, wanafanana, wamepangana kama sahani kabatini. Mwanzoni na mimi ilinisumbua. Afu siku moja nilikuwa kwenye msiba Machame, nimekaa pembeni, naangalia vijana wanavyopokezana ndoo za maji kupandisha kutoka chini, watu kama ishirini, na nikagundua sikuona sura ya hata mmoja, niliona migongo na mikono, nikaona ndoo inatembea. Kazi ya pamoja ukiiangalia kwa mbali kidogo inafuta sura. Yeye ndicho alichokuwa anachora.

Sasa kijani. Umesema kila kitu kijani, na umeona kama ni uvivu. Ngoja nikupe kazi kidogo. Chukua tyubu yako ya kijani, kile kijani cha chupa ambacho vijana wote mnatumia, ipake jinsi ilivyo kwenye karatasi, afu nenda nayo chini ya mgomba saa tano asubuhi uilinganishe. Itaonekana kama plastiki. Jani moja tu la mgomba lina kijani tatu kwa wakati mmoja: pale jua linapopita ndani yake ukiwa chini yake ni karibu njano, kijani cha limau kinachowaka. Pale juu ya jani, upande unaoangalia mbingu, si kijani kabisa, ni kijivu cha bluu, kwa sababu jani lina nta na linarudisha mwanga wa mawingu. Na upande wa chini ukiwa kivulini una unga unga fulani hivi, kijani kimepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Hapo bado hujaingia kwenye kahawa, ambayo kijani chake ni kizito, cheusi, kinang'aa kama viatu vya askari, wala magimbi kule chini kwenye maji, wala isale kwenye mpaka, ile yenye majani marefu yamesimama.

Na kihamba kina ghorofa, hili hata wataalamu wa kilimo wanaliongelea, FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, imekitambua kijiji cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo kwa sababu ya mpangilio huu. Juu kabisa miti mirefu, mringaringa, mgrivea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa maharage na magimbi. Mwanga unashuka ghorofa kwa ghorofa, kila ghorofa inauchuja na kuupaka rangi yake, ukifika chini kwenye udongo hata shati jeupe la mtu linakuwa kijani. Ntiro alilijua hilo kwa mwili, picha zake zina ule uzito, ule unyevu. Kwa hiyo ukitaka kuchanganya usianze na tyubu ya kijani, iweke mbali kabisa mwezi mzima. Chukua bluu ya ultramarini na ile njano ya udongo wanayoita oka, hiyo ni kahawa yako ya kivulini. Chukua njano ya limau na bluu kidogo sana, kidogo kama chumvi kwenye chai ya maziwa, hilo ni jani lenye jua nyuma. Kijani kikizidi kupiga kelele kiue kwa tone la nyekundu au kahawia, usitumie nyeusi, nyeusi inakifanya kiwe kama kimeoza. Na jani la mgomba usichore umbo zima kama kisu, chora mgongo wake kwanza, ule uti wa kati unavyopinda, afu chana chana pembeni kama upepo ulivyochana, kila kipande kinaning'inia kwa pembe yake na kila kipande kina kijani chake.

Kuna jambo la kumbukumbu pia. Ntiro sehemu kubwa ya kazi alifanya akiwa mbali, Kampala, London. Mlima haukuwa dirishani. Alikuwa anachora Machame akiwa amezungukwa na mabasi mekundu na ukungu wa makaa. Mtu ukichora kwa kumbukumbu unasahau vitu na kinachobaki ni kile kilichokukaa mwilini, njia unayoijua kwa miguu, idadi ya ngazi za kushuka mtoni. Ninyi mnachora kwa simu, picha imefunguliwa pembeni ya kanvasi, na simu haisahau kitu, kila jani lina umuhimu sawa, ndo maana picha zenu zina kila kitu na hazina mtu ndani. Jaribu hivi: asubuhi kaa kihambani saa moja, usichore, au chora mistari tu kwa penseli kwenye daftari. Simu iache ndani. Usiku ndo uchore. Utakuta umesahau nusu, na ile nusu iliyobaki ni ya kwako, jirani yako hana.

Lakini nisikudanganye kwamba Ntiro hana mapungufu, maana najua mkishapewa jina la mzee mnamgeuza mtakatifu. Kijiji chake kitamu mno. Hakuna mtu amechoka kwenye zile picha, hakuna ugomvi wa mpaka, hakuna mzee anagawa kihamba kwa watoto sita mpaka kinakuwa saizi ya uwanja wa mpira wa wavu. Ni Uchagani ya mtu aliyeimisi nyumbani, na mtu akimisi nyumbani anakumbuka mchare na mbege, hakumbuki deni. Halafu anajirudia, ukiziweka picha zake kumi pamoja kuna tatu nne ambazo zingeweza kuwa moja. Hilo liseme kwa sauti bila kuogopa.

Na mlima wenyewe umebadilika. Barafu ya Kibo ilipopimwa 1912 ilikuwa kilomita za mraba kama 12, miaka mia moja baadaye zilibaki chini ya 2. Ukiacha theluji ya msimu inayoanguka ikayeyuka, kile kilemba cheupe mnachochora kimeshuka mpaka mabegani hakipo, mnachora mlima wa babu zenu. Mi nimeshaona mtalii kashika picha mkononi, anaangalia mlima, anaangalia picha, anaangalia mlima, afu anauliza kwa adabu kama hiyo picha ni ya zamani. Muuzaji kamwambia ni ya juzi. Mahali pengi kahawa imeng'olewa, ile kahawa iliyojenga shule na ikaleta KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933, watu wamepanda nyanya au wamejenga vyumba vya kupangisha. Mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachaga, mingine imekauka, unakuta mtaro umebaki, kingo zake za mawe zipo nzuri kabisa, ndani kuna majani makavu na chupa za soda. Hayo Ntiro hakuyachora maana siyo dunia aliyoimisi. Ni ya kwako. Mfongo uliokauka na watu wawili wamesimama wanaangalia, hiyo ni picha ambayo sijaiona bado, na ningeitolea hela mfukoni.

Najua utaniambia mwalimu unaongea vizuri lakini kodi ya kibanda hailipwi na mfongo uliokauka. Naelewa, mi mwenyewe nimepita humo. Miaka mingi iliyopita nilipeleka picha sehemu fulani ya kuuzia sanaa, kihamba cha Machame, nimekifanyia kazi wiki tatu, kijani zangu zote zipo pale. Mwenye duka akaitazama, akasema nzuri sana, ila inakosa kitu, ongeza twiga. Nikamwambia twiga haishi kwenye migomba. Akasema mteja hajui. Nikaongeza, nilikuwa na njaa, sina cha kujitetea. Ikauzwa siku ile ile, na mpaka leo kuna nyumba mahali huko Ulaya ukutani kuna twiga kasimama katikati ya migomba ya Machame anakula sijui nini.

Kwa hiyo sikwambii uache tembo kesho. Chora tembo wako asubuhi uuze, ni kazi kama kazi nyingine, hata kina Tingatinga pale Dar wamelisha familia kwa kurudia michoro ile ile na hakuna anayewatukana. Ila usiite hiyo mandhari ya kwenu, na usiiache ile nyundo ya kurudia ikaingia mpaka kwenye mkono wa jioni. Kuna Mchaga mwingine unapaswa kumjua, Elimo Njau wa Marangu, naye wa Makerere, huyu ndo aliyechora ukutani kwenye kanisa la Murang'a, Kenya, mwaka 1959 maisha ya Yesu, kuzaliwa mpaka msalabani, akayaweka kwenye vilima vya Wakikuyu na watu wao, ardhi ya pale pale, siyo Bethlehemu ya kwenye kalenda. Baadaye akawa na Paa ya Paa, jumba lake la sanaa Nairobi, na pale alikuwa na msemo wake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Watu wanaucheka huo msemo kwa sababu ni mkali, ila mi kila nikipita barabara ya kwenda Moshi nikaona tembo ishirini wamepangwa kwenye kamba, wote mguu wa mbele wa kulia umeinuliwa, nausikia.

Umeuliza pia kama usome kozi ya perspektivu kwanza. Soma, haichukui hata miezi miwili, kuna video tele za bure. Ijue mpaka ikuchoshe, ili siku ukiivunja tujue umeivunja, siyo umeikosa. Mtu anaona tofauti, usidhani haoni. Kwenye picha ya asiyejua, nyumba imepinda na miti haijapinda. Kwenye ya Ntiro kila kitu kimeinama pamoja, kwa kiasi kile kile, mpaka mtu aliyebeba mzigo ameinama na kilima.

Sasa cha kufanya. Kuna njia yoyote inayotoka kwenu kushuka mtoni au sokoni, ile ambayo ungeweza kuipita umefumba macho. Chora hiyo, mara kumi, ubao mdogo tu, sentimita 30 kwa 40, usinunue kanvasi za bei. Kila mara mtu mmoja au kundi liwe linapita na kitu, ndoo, majani ya ng'ombe, mkungu, jeneza kama ndo ilivyokuwa siku hiyo. Mlima usiuweke. Kama mara ya saba utajitokeza wenyewe kwenye kona, mdogo, nusu umefichwa na jani, huyo muache. Upeo wa macho uweke juu kabisa au utoe. Kijani cha tyubu marufuku, nimeshasema. Na usimwonyeshe mtu wa duka mpaka zifike kumi, maana ya tatu tu atakwambia ongeza twiga.

Zikifika kumi nitumie. Piga kivulini mchana, usiwashe flashi, na usinipitishie kwenye ile programu ya kung'arisha rangi, nataka nione kijani chako kilivyo.